Njia Isiyomwaga Maji

Najua mngenikuta barabarani mngeniamkia, kwa hiyo nianze kwa kuitikia: marahaba, wajukuu zangu. Nasikia mmeanza kutembeza watu kule ng'ambo ya Igoma, upande wa mto, mmevaa fulana za rangi moja na simu mkononi. Sina ugomvi na simu. Juzi mmoja wenu alinionyesha njia zote za kuteremka ziwani zimechorwa humo ndani, mpaka vile vichochoro vya mbuzi, nikafurahi kweli. Lakini nilipomuuliza, "Sasa hapa katikati mtu akichoka anakaa wapi?" akacheka, akasema, "Bibi, si atakaa tu chini?"

Atakaa chini! Mtu ana miaka sabini, goti limevimba, akae chini kwenye vumbi halafu nani amwinue? Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikamwambia binti yangu nataka karatasi. Ndiyo haya mnayoyasoma.

Mimi ni Koleta, mzaliwa wa Nansio. Nilivuka kwa meli kuja Mwanza nikiwa msichana, nikapata kazi ya kupika katika nyumba ya wageni ya Bwana Salum, pale Mkuyuni. Bwana Salum alikuwa mtu mpole, mwenye kofia yake ya kufuma, na wageni wake walikuwa watu wa kawaida: walimu walio likizo, kina mama wa kwaya kutoka Bukoba, mara mojamoja wazee wa Kizungu waliokwisha kustaafu. Wote hao walikuwa na swali moja asubuhi wakimaliza chai. "Tungependa kutembea kidogo, tuone maji na mashamba. Lakini tusipande mlima."

Mwanza hii? Mji uliojaa mawe toka juu mpaka ndani ya ziwa, halafu mtu hataki kupanda? Bwana Salum akaniita jikoni. "Koleta, wewe ni mtu wa Ukerewe. Maji unayajua. Wapeleke."

Kana kwamba ukizaliwa kisiwani unapewa na ramani ya mito yote ya dunia. Mimi hata huko Igoma nilikuwa nimepita tu nikiwa kwenye gari. Nikaona aibu kukataa. Nikawachukua watu sita, nikawapitisha njia niliyoona ni fupi, katikati ya mawe, na mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mwenye tumbo lake, akanasa kati ya majabali mawili. Yesu na Maria! Mbele haendi, nyuma harudi. Tukamvua koti. Tukamvua shati. Tukavuta. Watoto waliokuwa wanachunga mbuzi walikaa juu ya jabali wakatazama kama wako uwanjani, kila tukivuta wanashangilia. Alipochomoka akafunga vifungo vyake taratibu, akaniuliza, "Mama, haya ndiyo matembezi mepesi? Yale magumu yakoje?"

Bwana Salum hakunigombeza. Alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akasema, "Wewe njia huijui. Nenda sokoni kawaulize wale mama wanaoleta mboga kutoka kule. Wanafika kila siku na mizigo kichwani, na hakuna aliyenasa."

Ndivyo nilivyompata Mama Limi.

Alikuwa anauza dagaa na mchicha kwenye kona ya soko la Mkuyuni, mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, shingo imenyooka. Ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," halafu anakungoja uhangaike. Tangu utotoni alikuwa amebeba dagaa kutoka ziwani kupeleka vijiji vya juu, yeye nyuma, mama yake mbele, na wakirudi wanarudi na mtama. Nilimweleza shida yangu. Akaniangalia miguu, akaniangalia kichwa.

"Unajua kubeba ndoo bila kushika?"

"Najua," nikasema. Mwanamke gani wa Nansio hajui kubeba ndoo?

"Basi kesho njoo nayo. Na ngata yako ya kichwani."

Nilidhani ananipima heshima, au anataka nimsaidie kuteka maji. Kumbe ndiyo shule yenyewe. Tulishuka kwenye gari pale barabara ya Musoma inapoanza kuacha nyumba, akaniombea maji kwenye mji wa kwanza, yaani nyumba ya watu na ua wake, akajaza ndoo mpaka mdomoni, akanitwisha. "Twende. Mkono usiinue." Akatangulia, hageuki. Mimi nyuma naendelea kulowa. Tulipofika kwenye mto alisimama, akanitazama nilivyoloa kuanzia kichwani hadi kanga, akaanza kucheka peke yake. "Mtu wa kisiwani! Umezoea kubebwa na mtumbwi wewe. Haya, sema. Maji yamekumwagikia wapi na wapi?"

Nikamwambia: pale penye mizizi, pale tulipovuka kijito, na pale kwenye ule mteremko mfupi baada ya shamba la mihogo.

"Hapo hapo ndipo mgeni wako ataanguka," akasema. "Tunarudi, tuanze upya. Sasa nakuonyesha wanawake wanapopita."

Na kweli, jamani. Penye mizizi kulikuwa na njia nyingine ya juu kidogo, imejificha nyuma ya minyaa. Penye kijito kulikuwa na mahali maji yanatambaa juu ya mwamba bapa, hata kiatu hakizami. Ule mteremko ulikuwa na mzunguko mrefu unaopita pembeni mwa majaruba ya mpunga, mrefu kweli, lakini unashuka taratibu mpaka husikii kama unashuka. Ndoo tuliyoijaza upya ilifika na maji yake. Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka ndoo iko kichwani.

Tangu siku ile, miaka yote niliyofanya kazi, sikumpitisha mgeni mahali ambapo sikupita kwanza na ndoo. Watu walinicheka. Kondakta mmoja wa Igoma alikuwa akiniona anapiga kelele, "Mama wa maji yasiyouzwa!" Mwache acheke. Nyie nawaomba mfanye hivyo hivyo. Msipime njia kwa miguu yenu, nyie mna miguu ya swala, kila mahali mtaona ni sawa. Na mkipima, pimeni na wakati wa kurudi, maana mtu akirudi ndipo amechoka, na mteremko wa asubuhi ni mlima wa mchana.

Ngoja niwaambie na habari ya minyaa, kabla sijasahau. Kule zamani njia za ng'ombe zilikuwa zinapita katikati ya kuta mbili za minyaa, kijani kushoto, kijani kulia, ng'ombe asiingie shambani. Pazuri sana, kivuli, ndege wanaimba. Siku moja mama mmoja wa kwaya, mchangamfu kupita kiasi, akavunja tawi la minyaa awe nalo kama fimbo. Utomvu mweupe ukamrukia jichoni. Kelele aliyopiga, nadhani Ukerewe waliisikia. Bahati nilikuwa nimebeba ndoo yangu siku hiyo, maana nilikuwa napima njia ya pembeni. Tukamwosha jicho kwa maji yote yale mpaka yakaisha, tukaenda kuomba mengine mji wa jirani, tukamwosha tena. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini toka hapo kabla hatujaanza nilikuwa nasema kwa sauti ya kumkemea mtoto: hakuna kuvunja kitu! Nyie semeni hivyo hivyo hata kama mbele yenu yuko hakimu.

Na miji ya watu. Simu inawaambia hapa pana njia, haiwaambii kwamba hiyo njia inapita mbele ya jiko la mtu. Mama Limi alinifundisha kupita jana yake, kusalimu, kusema, "Kesho nitapita na wageni," na kuuliza kama kuna mgonjwa au msiba. Penye msiba mnazunguka, au mnaingia wote mnatoa pole. Wageni wangu wengine wanasema siku wanayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyoingia msibani, wakapewa viti na uji, wakakaa na watu wasiowajua. Hilo halikupangwa na mtu.

Kando ya mto kabisa msikae. Najua panapendeza, matete yanayumba, furukombe, yule tai mla samaki, analia juu, mtu anataka picha. Mamba naye yuko hapo, na jua likishaanza kuinama kiboko anapanda kula majani. Njia ya kina mama inakwenda juu ya mto, unaona maji muda wote lakini huyagusi, mpaka pale penye mwamba ambapo wanateka. Walijua kwa nini.

Sasa nifike kwenye jiwe, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Ukibeba mzigo mzito kichwani na uko peke yako, shida siyo kutembea. Shida ni kupumzika. Ukiutua chini, nani atakutwisha tena? Kwa hiyo kina mama wa zamani walitafuta mawe yenye kimo cha kifua. Unasogea, unainama kidogo shingo, mzigo unahamia juu ya jiwe, unapumua. Ukimaliza unaingiza kichwa chini yake, unaondoka nao. Huhitaji mtu. Njia ile ya Mama Limi ilikuwa na mawe matatu ya namna hiyo, na mimi ndipo nilipowapumzisha wageni wangu wote, kwa sababu pembeni ya kila jiwe kulikuwa na mawe madogo ya kukalia, na kivuli, na upepo wa ziwa. Wale mama hawakuwa wanachagua ovyo.

Jiwe la mwisho, la karibu na mto, lilikuwa la Mama Limi. Juu limelainika kabisa. "Mama yangu alikuwa ananingojea hapa," aliniambia. "Mimi nikiwa mdogo natembea polepole, nikitokeza pale kwenye kona namwona amesimama, mkono mmoja juu ya kapu lake. Alikuwa haniiti. Ananingojea tu." Hakuwa mtu wa kulia, lakini kila tukifika alikuwa anaweka kiganja juu ya lile jiwe kabla hajasema neno lolote.

Miaka ikaenda. Bwana Salum akafariki, watoto wake wakaendelea kunituma, mji nao ukaanza kutembea kuja kwetu. Igoma ikafurika, viwanja vikapimwa hadi mashambani. Jiwe la kwanza likapasuliwa kokoto. Nilikwenda siku moja nikakuta rundo na watu wanagonga nyundo, nani atawalaumu, wanatafuta chakula. La pili likafunikwa na kifusi cha barabara. Likabaki la Mama Limi, na yeye sasa alikuwa mzee kweli, macho yana ukungu, amehamia kwa binti yake kando ya barabara. Alinishika mkono. "Koleta, nyumbani kwetu kwenye makaburi yetu ni ng'ambo ya lile jiwe. Gari halifiki. Wakiziba pale, mimi nitapitishwa wapi?"

Nilimwambia, "Haizibwi." Nilisema tu. Sikuwa na uhakika wowote.

Kiwanja kile kilikuwa kimenunuliwa na kijana mmoja, Deo, fundi wa kuchomelea milango pale Igoma. Kijana mzuri, mchapakazi, alikuwa anajenga kidogo kidogo na mkewe Pendo. Nilimkuta amekwisha kulundika matairi kuzunguka lile jiwe, tayari kulichoma lipasuke. Nyie mnajua linavyofanywa: moto mkali, halafu nyundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili jiwe unalifanyaje?"

"Nalipasua. Msingi huo hapo unangoja mawe, na ukuta unapita hapa hapa."

Nikamweleza yote: kina mama, mizigo, wageni, Mama Limi, makaburi. Alinisikiliza kwa adabu, sikatai. Kisha akasema, "Mama, ninakuheshimu. Lakini kila jiwe la Mwanza lina hadithi. Tukisikiliza zote tutajengea nini? Hili limo kwenye kiwanja changu."

Kweli lilikuwa kwenye kiwanja chake. Nikamwomba kitu kimoja tu, angoje mpaka kesho nimlete Mama Limi aliage. Akakubali.

Kesho yake tulikwenda. Tulitembea asubuhi yote kwa njia ile ndefu, Mama Limi kanishika bega, anasimama, anapumua, anatembea. Nilimwambia tupande bodaboda mpaka pale inapoweza kufika, akanitukana kwa Kisukuma. Tulipofika Deo alisimama, akamwamkia, akamgeuzia ndoo akae. Mama Limi hakukaa. Alipapasa mpaka akalipata jiwe, akaweka kiganja. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujali.

Nilidhani atamsihi. Hakumsihi. Alisema tu, "Ni lenyewe."

Deo akawa anatazama chini. Naye aliguswa moyoni, nilimwona, lakini mtu akishapanga msingi wake amepanga. Akasema kwa upole, "Nisamehe, bibi."

Hapo ndipo Pendo akatokea kwenye kona kutoka mtoni. Alikuwa na ndoo ya maji ya ujenzi kichwani na mimba ya miezi ya mwisho mbele, jasho linamtiririka. Alitusalimia kwa mbali, akaja moja kwa moja kwenye jiwe, akasogeza yale matairi kwa mguu, akainamisha shingo, ndoo ikahama ikakaa juu. Akaegemea, akafumba macho, akashusha pumzi. Hakuna aliyemwambia. Alifanya kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Mama Limi alisikia ndoo ikigusa jiwe. Akageuza uso. "Nani huyo?"

"Mimi, bibi. Pendo."

"Unatua hapa kila siku?"

"Kila siku, bibi. Bila hapa nisingefika. Hali hii nilivyo, nikiiweka chini nani atanitwisha, huyu yuko Igoma anachomelea."

Deo alikuwa anamtazama mkewe mdomo wazi. Maji yote ya matofali yake, ya zege lake, yalikuwa yamepumzika juu ya lile jiwe, na yeye hakuwa na habari. Akamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nachoka?"

Wee! Nikatazama pembeni, maana hayo yalikuwa ya kwao. Deo akaanza kuyaondoa matairi, moja moja, akayabingirisha mpaka nyuma ya nyumba. Alipomaliza aliichukua ile ndoo ya Pendo juu ya jiwe, akaibeba mwenyewe begani, nusu ikamwagika, na Mama Limi akacheka kile kicheko chake cha siku ya kwanza ya ndoo.

Mkipita pale leo mtaona ukuta wa Deo umepinda. Unakuja umenyooka, ukifika kwenye jiwe unarudi ndani, unaliacha nje, halafu unaendelea. Mafundi wenzake walimcheka kwamba kamba ilimshinda. Yeye alijenga hivyo hivyo.

Mama Limi alifariki wakati wa masika. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na gari lililokodiwa kumsogeza hadi linapoweza kufika likazama kwenye tope hata kabla ya kuacha barabara. Watu wakaanza kubishana. Wengine wakataka kungoja, wengine wakataka kuzika mjini. Binti yake akanitazama mimi. Mimi nikatazama njia.

Nikasema, "Mbebeni. Nifuateni mimi."

Nikatangulia na goti langu hili bovu. Vijana waliinua jeneza mabegani, Deo mbele upande wa kulia, kina mama nyuma wanaimba wimbo wa kanisani. Nikawapitisha ile njia ya juu inayokwepa mizizi, nikawavusha kwenye mwamba bapa, nikawazungusha pembeni mwa majaruba. Kijana mmoja akanong'ona, "Bibi anatuzungusha," mwenzake akamwambia anyamaze. Hakuna aliyeteleza. Mvua ilikuwa imekatika, na mto ulikuwa umejaa, tunausikia chini yetu.

Walipofika kwenye ule ukuta uliopinda walikuwa wamechoka, mabega yanatetemeka. Mimi sikusema neno. Naapa sikusema. Waliliona tu jiwe, kimo cha kifua, na Deo akasema, "Hapa," wakasogea, wakainama kidogo, wakamweka juu yake. Wimbo ukakoma. Pendo alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akaziba mdomo kwa kanga.

Walipumua. Wakafuta jasho. Nikapita mbele nikaweka kiganja pale alipokuwa anaweka chake, nikamwambia kimoyomoyo kwamba njia haijazibwa. Kisha wakaingiza mabega, wakamwinua bila kumwomba mtu msaada, na tukaendelea kumpeleka kwao.